Haukuwa Mwiba wa Mdimu

Mwanangu Mize,

Shikamoo yako ya leo nimeipokea asubuhi, na ya kesho sijui kama utataka kunipa ukishasoma haya, kwa hiyo salamu tuziache kando kwanza. Naandika hapa bandani, nimekaa kwenye ngazi ya trekta, daftari lako la zamani la hesabu limelala juu ya goti langu. Tumetoka kuswali alasiri muda si mrefu. Nyumbani hakukaliki. Mama yako na shangazi zako wanakufungia mizigo utadhani huko uendako hakuna duka, na kila mmoja ana la kukuusia. Chandarua umeshaambiwa. Kuvaa, kula, kuswali, marafiki, simu, yote umeshaambiwa, nami nakujua unavyoitikia "ndiyo" huku unatazama dirishani. Sina la kuongeza hapo.

Nina jambo moja tu, na ni langu mimi, si lako. Nimelificha miaka kumi. Nilikuwa nimeazimia kulificha mpaka nizikwe nalo, lakini wiki iliyopita umenikosesha raha bila ya kujua.

Ulinijia barazani na simu, umefungua lile somo la kwanza ambalo chuo kimewatumia mlisome kabla ya kufika. Ulikuwa umechangamka. Ukaniambia, "Baba, tizama hino! Kumbe mafuta ya haidroliki yakipata kitundu kwenye mpira yatoboa ngozi. Yaingia ndani kama sindano, na mtu aweza kukatwa mkono. Weye ulikuwa wajua?"

Nikakujibu, "Sijui miye. Hayo ya vitabuni."

Ukaniamini. Ukakaa chini ukanifundisha, mimi niliyeendesha trekta tangu wewe hujaanza kusoma alifu kwenye chuo cha Kurani, na mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia jambo jipya. Mjomba wako Faki alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale tulipo, kwenye jamvi, anachambua karafuu kwa mkono mmoja. Hakuwa anatusikiliza. Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza kama yeye anasikia.

Nilijua, Mize. Nilijua tangu siku ile ile.

Lilipokuja trekta la ushirika wa bonde letu la mpunga, mimi ndiye niliyechaguliwa kuliendesha. Wewe umekua unanisikia naitwa Kombo Trekta, ukadhani jina hilo ni la kawaida. Mimi kila nikiitwa nilikuwa natanua kifua. Nilikuwa kijana aliyeshindwa na shule, nikashindwa na bahari, nikashindwa hata kuuza vitunguu sokoni Konde, halafu ghafla nina ufunguo mfukoni ambao hana mtu mwengine mtaani. Nilikuwa nalala nao chini ya mto. Mama yako alikuwa akinicheka kwa hilo, na haki yake.

Wewe haya utasomeshwa kwa michoro, mimi nakueleza nilivyoyaona kwa macho yangu. Nyuma ya trekta, juu ya mahali pa kufungia jembe, kuna yale matundu unayoyajua. Unachomeka mipira miwili: mmoja unapeleka mafuta, mwengine unayarudisha. Ukivuta liva, injini inayasukuma yale mafuta kwa nguvu ambayo huioni wala huisikii, na kile ulichokifunga upande wa pili kinanyanyuka, au kinasukuma, au kinabana. Letu lilikuja na tela la kubinua lenye jeki yake chini. Siku ya kwanza nilipoona tela zima la mchanga linanyanyuka kwa vidole vyangu viwili, nilishikwa na wazimu. Kumbe trekta si la kulima na kubeba tu! Nikaanza kutazama kila kazi nzito ya mtaa huu na kujiuliza kama ile jeki haiwezi kuifanya.

Kabla ya hapo tulipelekwa mafunzo ya siku mbili mjini Chake Chake, kwenye ukumbi mmoja karibu na Gombani. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mpole sana, kila ikiadhiniwa anasimamisha somo na kutungoja bila ya kutazama saa. Alitwambia mambo mengi. Mawili ndiyo yanayonikaa shingoni mpaka leo. La kwanza, mpira ukivuja usiutafute uvujaji kwa mkono, chukua kipande cha boksi ukipitishe. La pili alilisema taratibu, akilirudia. "Mafuta yakikuingia mwilini, kidonda chake utakicheka. Ni kitone tu. Msikicheke. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo, na mwambieni daktari kwamba ni mafuta ya mtambo. Msiposema ninyi, yeye hawezi kujua."

Sisi tuliokaa nyuma tulicheka. Mimi nilimwigiza mwalimu yule njia nzima ya kurudi nyumbani, "msikicheke, msikicheke," gari zima likavunjika mbavu. Sijui yuko wapi sasa. Kila nikimkumbuka naona uso unaniwaka.

Sasa nakuja kwenye harusi ya dada yako Asha. Ulikuwa na miaka tisa, ulishonewa gauni la njano, na nadhani hilo ndilo unalolikumbuka zaidi.

Kuni za shughuli kwetu hazipasuliwi na mwenye shughuli. Hilo unalijua. Siku moja kabla ya mapishi wanaume wa mtaa huja na mashoka yao, wakapewa chai na mihogo ya kuchemsha, wakapasua magogo huku wakitaniana mpaka adhuhuri. Asiyeitwa siku ya kuni hununa mwaka mzima. Hata mzee asiyeweza kunyanyua shoka huja akakaa akawasimanga wenziwe kwamba hawajui kupiga. Ndivyo tulivyopasuliana kuni tangu hatujazaliwa, na mimi mwenyewe nimepasua za watu wengi.

Nikataka za mwanangu zipasuliwe na trekta.

Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, akanitengenezea boriti la chuma lenye kabari upande mmoja. Jeki nikaifungua kwenye tela la ushirika. Mpira mmoja ulikuwa mfupi, haukufika, basi nikatafuta mwengine kwenye vyuma chakavu. Ulikuwa umechunika sehemu, waya zake za ndani zinaonekana. Nikauzungushia mpira wa ndani wa baiskeli nikaukaza, nikajiambia utatosha kwa kazi ya asubuhi moja. Trekta lenyewe halikuwa na ruhusa ya kutoka bondeni kwa kazi ya mtu. Mwenyekiti wa ushirika nilimwambia nalipeleka kulitazama breki. Unaona, uongo ulianza hata kabla gogo la kwanza halijawekwa.

Na wale wanaume nikawapitia mlango kwa mlango nikawaambia, "Mashoka yaacheni majumbani. Njooni mtizame tu."

Nakuapia, Mize, nikifumba macho nawaona walivyopangana kwenye ule ukuta mfupi, mikono mitupu, hawajui waiweke wapi. Walikuja kwa heshima. Mimi nikaona wamekuja kunishangaa, na nikafurahi. Aliyeinuka kunisaidia ni mmoja tu, Mjomba wako Faki, kwa sababu Asha ni mtoto wa dada yake na yeye hakuweza kukaa ukutani siku ya kuni za Asha. Aliweka magogo kwenye boriti, mimi niko juu ya kiti nimeshika liva. La kwanza likapasuka. La pili likapasuka. Watu wakapiga makofi. Mmoja akapiga kelele, "Kombo, mashoka yetu sasa tukapikie!" Wewe ulikuja na birika la chai, ukasimama ukanitazama juu pale, na mimi nikakunyanyulia mkono kama rais.

Gogo la sita au la saba lilikuwa la mwembe, lenye fundo. Jeki ikaingia nusu ikasita. Nikavuta liva nikaishikilia. Injini inalia, gogo haliendi, na chini ya trekta naona mafuta yanadondoka. Wote wale ukutani walikuwa wanayaona pia. Nikaona haya. Kitu cha kufanya pale kilikuwa kimoja, kuachia liva, kuzima injini na kushuka. Sikuachia. Nilisema, "Faki, hebu pitisha mkono hapo kwenye mpira, uone wavuja wapi."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Sijaongeza neno wala sijapunguza. Mwalimu wa Gombani alikuwa amenambia nisipitishe mkono, na mimi kwa kweli sikupitisha mkono wangu.

Faki akauzungushia mpira kiganja chake cha kulia, akakitelezesha polepole. Akashtuka, akaurudisha mkono. "Ah! Kitu kimenidunga."

Lile gogo tulikuwa tumeliburura chini ya mdimu aliouotesha bibi yako, mamake Faki, na matawi yake yalikuwa yamefika mpaka kwenye boriti. Nikasema palepale, bila ya kufikiri, "Mwiba wa mdimu huo." Akatazama kidole cha shahada, pale kinapoungana na kiganja. Kulikuwa na kitone kidogo kuliko alama ya mbu. Damu hata haikutoka. Akacheka, akasema, "Mdimu wa mama wanipiga miye nafanya kazi, nyiye mmekaa mwanitizama!" Ukuta mzima ukacheka.

Nataka uamini hapa, ingawa sina haki ya kuaminiwa: wakati nasema neno mwiba nilidhani ni mwiba. Niliachia liva, nikashuka, nikaufungua ule mpira wa baiskeli. Chini yake palikuwa na kitundu kisichoingia hata ncha ya pini, na mafuta yaliyobaki bado yalikuwa yanatoka kidogo kidogo kama mvuke. Hapo nikamkumbuka mwalimu. Nilimkumbuka na sauti yake, lafudhi yake ile niliyomwigiza. Hospitali saa hiyo hiyo. Mwambieni daktari.

Faki alikuwa amesimama mbele yangu, anajipuliza kidole. Ningeweza kumwambia. Lakini kumwambia kulikuwa na maana ya kusema mbele ya ukuta ule kwamba mpira ulikuwa mbovu, kwamba nilijua ni mbovu, kwamba trekta halikuwa la breki, na kwamba nimempeleka mtu kushika nilichokatazwa nisishike. Nikaufunga tena ule mpira wa baiskeli. Nikamwambia, "Kapake mafuta ya karafuu, utapoa." Akenda akapaka. Kuni zilizobaki nikawaomba watu wakachukue mashoka, nikasema trekta limeshika moto. Walinitania, lakini walifurahi kupata kazi.

Usiku ule mkono ulivimba. Siku ya pili, ya harusi, alikuja ameufunga kitambaa cha kanga. Sinia lilipowekwa alikaa pamoja na mimi, samaki wa Tumbe wamepangwa juu ya wali, akasema ameshiba. Nikamwona jasho linamtoka. Nikala. Ndiyo, Mize, nilikula, na niliomba niongezwe mchuzi.

Jumamosi, siku ya tatu, tukampeleka hospitali, mimi na mkewe. Daktari alikuwa mtu makini, aliuliza vizuri. Alimwuliza Faki, "Kilikudunga nini?" Na kabla Faki hajafungua mdomo nikajibu mimi. "Mwiba, daktari. Mwiba wa mdimu." Basi wakamtibu mwiba, kwa dawa za mwiba, kama walivyoambiwa. Hawakukosea wao. Ile mara ya kwanza chini ya mdimu nilisema kwa kutojua. Hii ya hospitali nilisema hali najua, na mgonjwa amelala mbele yangu, na mkewe ananishukuru kwa kuwaleta.

Alipohamishiwa Unguja mkono ulikuwa umeshakuwa mweusi. Vidole vitatu vikaondoka, na sehemu ya kiganja. Aliporudi alinisimulia kitu kama kichekesho. Daktari aliyempasua alimwuliza kama anashughulika na mafuta, maana ndani ya nyama alikuta utelezi. "Nikamwambia ni ya karafuu hayo, shemegi yangu kanambia nipake!" Akacheka. Nikacheka naye.

Na sasa ule mdimu. Ulilia ulipokatwa, unakumbuka? Ulikuwa unaupenda kwa sababu bibi yako alikuwa akikupa ndimu zake ukitoka chuoni. Watu walikuwa wameanza kuusema, mti una jicho, mti una shari. Wengine walimsema Faki, mzembe gani huyu aliyeachia mwiba mpaka ukamla mkono. Mimi nikachukua shoka. Nilimwita Faki aje atazame, nikaukata mbele yake, mti mzima unazaa, nikaung'oa mpaka mizizi nikaichoma. Faki alinishika bega kwa ule mkono wa kushoto, akanambia, "Ahsante, shemegi. Umenipozea moyo." Hakuna kitu nilichofanya katika maisha yangu kinachonikondesha kama hicho. Yale ya mpira yalinitoka bila ya kufikiri. Ule mdimu niliufikiria usiku kucha kwanza.

Wewe Mjomba Faki unamjua kwa upole wake tu, hukumjua alivyokuwa. Alikuwa mchumaji karafuu ambaye watu walimgombania kila msimu. Alipanda matawi ambayo wenziwe waliwaachia ndege, na alikuwa akiimba huko juu. Sasa anakaa kwenye jamvi na kina mama na watoto, anachambua. Hajawahi kulalamika. Lakini umeona ukienda kwenye shughuli yoyote, sinia likiwekwa Mjomba Faki hayupo? Atakuwa anashughulika na viatu vya watu, au anatazama gari. Mkono wa kula hana, na wa kushoto anaona haya kuutia kwenye sinia la watu. Mkewe humwekea nyumbani, kwenye sahani, na kijiko. Miaka kumi anakula peke yake. Mimi ninakula na watu.

Lile boriti nililikatakata. Jeki nikairudisha kwenye tela. Tangu hapo madereva wote wanaopita mikononi mwangu wananiona nimeharibika kichwa: mtu hashiki mpira mpaka injini imezimwa na liva imesukumwa huku na huku mafuta yalegee, mpira uliochunika naukata vipande palepale asije mtu akashawishika kuutumia, na boksi liko siku zote chini ya kiti. Wewe ulinifuata hapa bandani tangu mdogo, ukaona ukali wangu, ukadhani ni ufundi. Mwalimu wako wa sekondari aliponiuliza umeipata wapi hii hamu ya mitambo, nilijibu kwa majivuno kwamba umeirithi kwangu. Laiti ningemwambia umeirithi wapi hasa. Umejifunza kwa mtu aliyekuwa anaogopa.

Sikuandikii ili unihurumie. Wala sitaki unisamehe, kwa sababu si wewe niliyekukosea, ingawa wiki iliyopita nilikudanganya usoni. Nakuandikia kwa sababu siku moja utakaa darasani, utaonyeshwa picha ya mkono, na utaujua ni mkono wa nani. Niliona ni bora uyasikie kwangu kuliko uyapate kwenye ubao mbele ya watu usiowajua, ukabaki unahesabu miaka.

Ulimtaka yeye akusindikize mpaka ng'ambo. "Nataka Mjomba Faki," ulisema, "Baba ana haraka njiani." Nami nilikuwa nimeshapanga vizuri. Nilitaka nikuombe uichukue barua hii, na boti likishatoka Mkoani, mkae upande wa kivuli, umsomee yote kwa sauti. Yeye kusoma hajui. Nilitaka uwe wewe

Nimeliacha hilo neno lilivyokatika, usidhani nimesahau. Niliandika "uwe wewe" kisha nikayasoma maneno yale mawili mara nyingi. Pitisha mkono wako hapo, Mize, uone wavuja wapi. Ndicho nilichokuwa nakuambia. Miaka kumi, na bado natafuta mkono wa mtu mwengine nikautie pale. Nimefunga daftari nikenda kwake.

Sasa tumekwisha kuswali magharibi, nimerudi bandani, nimewasha taa. Nakuandikia yaliyotokea kama yalivyotokea.

Nilimkuta barazani kwake anapiga viatu rangi, kiatu amekibana kwa magoti, anakipaka kwa mkono wa kushoto. Vya safari ya kesho. Akanikaribisha, akamwita mkewe alete kahawa. Nikamwambia asilete. Nikabaki nimesimama. Nilisema yote: Faki, mpira ulikuwa mbovu nami najua, haukuwa mwiba, yalikuwa mafuta, nilijua siku ile ile kabla hujenda kupaka karafuu, na daktari nilimdanganya mimi. Yeye alikuwa anaendelea kupiga kiatu. Halafu akaacha.

Akauliza, "Ningalikwenda siku ile, vidole vingalibaki?"

"Sijui, Faki. Huenda. Mwalimu alisema saa hiyo hiyo."

Kiatu kiko palepale magotini. Akauliza tena, "Na mdimu wa mama?"

"Haukuwa na kosa."

"Miye nalikushukuru."

"Ndiyo."

Hapo ndipo macho yake yalipojaa. Yale ya vidole aliyasikiliza makavu. Yaliyomliza ni kwamba alinishukuru.

Niliingoja kofi. Wallahi niliitaka. Hakunipiga wala hakunyanyua sauti. Alisema, "Watu wamenita mzembe, Kombo. Mke wangu kaambiwa kaolewa na mzembe aliyeshindwa na mwiba. Watoto wangu wameyasikia hayo." Miaka yote hii ananita shemegi. Leo kanita Kombo.

Nikamwambia nitafanya lolote atakalo. Akanijibu, "Mize sina neno naye. Mize n'tampeleka, n'tamfikisha mpaka mlangoni kwa chuo. Lakini weye usije Mkoani. Sitaki kukuona bandarini wapunga mkono. Kesho Ijumaa. Nenda msikitini, na wale waliokaa ukutani siku ya kuni, wote walio hai, uwaambie. Kwa kinywa chako, si kwa kinywa cha mtu." Akachukua viatu vyake akaingia ndani. Mlango hakuubamiza. Aliurudisha taratibu tu, mimi nikabaki nje nauangalia.

Basi kesho usinitafute bandarini. Mama yako atashangaa, shangazi zako watasema baba gani huyu asiyemsindikiza mwanawe. Waache waseme, na kabla ya adhuhuri nitawaeleza mwenyewe. Nitakuwa msikitini. Nimewahesabu waliobaki hai katika ule ukuta, ni kumi na mmoja. Mwenyekiti wa sasa wa ushirika ni mmoja wao. Ufunguo wa trekta nitakwenda nao mfukoni, akiutaka nimpe. Naogopa, Mize. Nakuambia kweli, naogopa wale watu kumi na mmoja kuliko ninavyoogopa kaburi. Lakini nitakwenda.

Barua nitakupa mkononi leo baada ya chakula, uisome chumbani kwako. Asubuhi, ukipita mlangoni kwangu bila ya kusema kitu, sitakuita. Ukinipa shikamoo, nitaitikia. Mwenyezi Mungu akufikishe salama na akukinge na watu wenye tabia kama yangu, hasa wakiwa wema kwako.

Lipo moja tu ninalokuomba, na hili si la kunifanyia mimi. Mama yako amewafungia wali na samaki kwenye bakuli kubwa moja, na ametia kijiko kwa ajili ya mjomba wako. Mkishakaa kwenye boti, kijiko kitie mkobani. Nawa, utie mkono wako kwenye bakuli, umngoje. Hata kama atachelewa, umngoje, mpaka na yeye atie wake, wowote atakaoutia, mle pamoja.

Baba yako,
Kombo